B ya Kumuuguza Baba

"Hakuna! Zunguka dunia yote, nenda mpaka China, gonga kila mlango, hutampata mama mwingine aliyekaa kitako akampa mwanawe B kwa kumuuguza baba yake mpaka akafa!"

Aliyekuwa anapiga kelele hivyo ni Keturah, miaka kumi na saba, amesimama katikati ya jiko na karatasi mkononi, mrefu kama marehemu baba yake, kichwa kinakaribia kugonga kikapu cha vitunguu kinachoning'inia darini. Mbwa alishatoka nje zamani. Mama yake, Marlys Huddleston, alikuwa mezani na penseli, miwani imemshuka puani, mbele yake daftari la kijani na rundo la vitabu.

"B ni maksi nzuri," alisema Marlys.

Hapo ndipo alipoharibu. Angekohoa tu ingetosha.

"Nzuri! Bi Bettina, umesikia? Nzuri!"

Bettina Crouse, jirani, alikuwa upande wa pili wa meza, kakumbatia kitabu cha biolojia kama ngao. Alifika saa nane mchana na boksi la vitabu alivyovitoa kwenye soko la mitumba la ukumbi wa kanisa. Kila mwezi wa tano sisi tunaosomesha watoto nyumbani tunakutana pale kuuziana vitabu ambavyo watoto wetu wamevigomea. Alikuja kumsaidia shoga yake kuchagua masomo ya mwaka wa mwisho wa Keturah, akanywa chai ya barafu gilasi mbili, na sasa alikuwa anautazama mlango kwa jicho lile lile alilotumia mbwa.

"Mimi sipo," alisema Bettina. "Nihesabuni kama kabati."

Huyu Marlys ni mtu wa namna yake. Miaka kumi na tisa amesomesha watoto watatu kwenye meza hiyo hiyo yenye alama za visu. Wawili wakubwa wameshaondoka, mmoja ni fundi umeme huko Tulsa, mwingine kaolewa Arkansas, na wote wanajua kuandika barua bila kukosea nukta. Hapa kwetu Missouri serikali inataka masaa elfu moja ya masomo kwa mwaka, na tusidanganyane, wengi wetu tunayafikisha jinsi muuza nyama anavyofikisha kilo, kidole kimoja kikiwa kwenye mizani. Bettina mwenyewe, mwanawe alilisha mbuzi mmoja kipindi cha baridi, akaandikiwa Usimamizi wa Mifugo, krediti nzima, yaani somo la mwaka mzima, A.

Marlys hapana. Kwa Marlys, mtoto akichemsha sabuni, hiyo ni kemia, dakika arobaini. Akienda chooni katikati, dakika tano zinatolewa. Nasema kweli, alikuwa anatoa dakika za chooni. Sheria iliacha kumdai daftari tangu Keturah alipotimiza kumi na sita, lakini yeye aliendelea kuandika vile vile, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu. Orrin, mumewe, dereva wa lori la magogo, alikuwa akitoka kuoga anapita mezani na taulo na kusema, "Mwalimu, leo nimesugua mpaka nyuma ya masikio. Niandikie nusu krediti." Na Marlys hainui kichwa. "Ulitumia dakika ngapi?"

Walicheka hivyo miaka na miaka.

Mpango wa sekondari wa Keturah ulikuwa kwenye mlango wa friji, umebanwa na sumaku yenye umbo la kambare. Miaka minne, safu nne. Mwaka wa tatu: Historia, Fasihi, Kihispania, Algebra ya Pili, na Kemia yenye vitendo. Hiyo kemia Marlys aliichagua kwa miezi mitatu. Alilinganisha mitaala mitano. Mmoja ulikuwa na katuni nyingi. Mwingine mwandishi wake alijiona mchekeshaji. Wa tatu ulihitaji tindikali ambayo posta wangekataa kuibeba. Mwishowe akaagiza seti kamili, na mirija ya kioo iliyofungwa kwenye magazeti mmoja mmoja, kama mayai. Ilifika mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi madaktari wa Springfield wakamwonyesha Orrin picha ya ini lake.

Boksi la kemia bado liko juu ya friji. Utepe wake wa gundi haujabanduliwa.

Toka hapo Keturah hakufungua kitabu cha sayansi. Alijifunza kumgeuza mtu kitandani bila kumuumiza. Alijifunza kubadilisha shuka mtu akiwa amelala juu yake. Alimnyoa baba yake, alimdondoshea mofini chini ya ulimi kila baada ya masaa manne, na kila tone akaliandika, maana huyu ni mtoto wa mama yake. Nesi aliyekuwa anakuja mara mbili kwa wiki alimtazama akifanya kazi, akamwambia Marlys barazani, "Huyu binti ana mikono ya unesi." Neno hilo moja ndilo lililoanzisha habari ya chuo cha unesi. Na chuo kilikuwa kinataka karatasi: masomo yote ya sekondari mpaka mwaka wa tatu, masaa, maksi, na lazima liwepo somo moja la sayansi lenye vitendo. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Bila karatasi hiyo hakuna nafasi, na Keturah kwenye sayansi alikuwa mtupu.

Basi Marlys akakaa asubuhi tatu na daftari lake. Akajumlisha. Akaandika kwa mwandiko wake uliosimama wima: Misingi ya Uuguzi, kwa vitendo, masaa mia moja sitini na tatu, krediti moja, B.

Ajabu ni kwamba alidhani anatoa zawadi. Alimwita binti yake kutoka bustanini aje aione.

"Weka A, shoga," alisema Bettina, kabati limeshindwa kunyamaza. "Nani atakuja kuchunguza? Mkuu wa shule ni wewe, mwalimu ni wewe, mfagiaji ni wewe."

"Siwezi kuandika kisichokuwepo."

"Mbona mimi yule mbuzi wangu..."

"Yule mbuzi wako tulimwona wote, Bettina. Ungeweza kumhesabu mbavu ukiwa barabarani."

Keturah alitaka kucheka. Kicheko kikaja mpaka mdomoni, kikageuka. Aliiweka karatasi mezani, akaivuta ile stuli ya Orrin, akakaa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. Marlys angependelea zile kelele.

"Nionyeshe nilipokosea, Mama. Kwenye algebra ukinitoa maksi unaweka duara jekundu. Weka duara. Nilimwangusha?"

"Hukumwangusha."

"Nilimzidishia dawa? Nilimchelewesha?"

"Hukukosea kitu, mwanangu."

"Sasa?"

Marlys alilifungua daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa. Alikuwa na majibu yake tayari, na kwa jinsi alivyoyatoa ungedhani anasoma bei za mbegu.

"Masaa yako yanaishia tarehe kumi na moja mwezi wa pili. Baba yako alifariki tarehe ishirini. Hapa katikati siku tisa hazina kitu. Kozi haikumalizika. Ambayo haikumalizika siwezi kuipa A. Hata kaka yako ningemfanyia hivyo hivyo."

 Bettina alikilaza kitabu cha biolojia mezani taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyesinzia.

"Siku tisa nilikuwa wapi?" aliuliza Keturah.

"Kwa Bettina."

"Nilijipeleka?"

Marlys aliishika penseli. 

Aliyempeleka ni yeye Marlys, kwa gari la Orrin, barafu ikiwa bado barabarani. Alimfungia begi mwenyewe: soksi, mswaki, kitabu cha algebra, penseli sita. Umebaki nyuma masomo kumi na moja ya algebra, alimwambia. Mtoto alikaa ndani ya gari mkono kwenye kitasa akasema, "Mama, sio sasa hivi," naye akajibu, "Siku mbili tatu tu, uzimalize." Sababu alikuwa nazo. Orrin alishabadilika rangi. Alikuwa anatoa sauti ambazo binti hapaswi kuzisikia kwa baba yake. Zote hizo ni kweli. Lakini ipo na nyingine ambayo Marlys hajamwambia mtu, hata kanisani alipopiga magoti: nyumba nzima ilikuwa imejaa mambo asiyoyaweza, na zile algebra kumi na moja ndizo peke yake alizoweza kuzifanyia kitu.

Keturah alilivuta daftari upande wake, akafunua mwenyewe. Hakutafuta sana.

"Algebra ya Pili," alisoma kwa sauti. "Tarehe kumi na mbili mpaka ishirini mwezi wa pili. Masaa arobaini na moja." Akaweka kidole. "A. Hapa nimepata A."

"Ulizipata zote," alisema Marlys.

"Jamani alizifanya kama anakimbizwa," alidakia Bettina. Nia yake ilikuwa njema, na hiyo ndiyo shida ya Bettina. "Chakula hataki. Nimempikia maharage na mkate wa mahindi, hataki. Namwambia Kettie, lala, ananiambia hapana Bi Bettina, nikizimaliza zote Mama ananirudisha nyumbani. Ile ya mwisho aliimaliza asubuhi, akavaa koti, akakaa na begi lake pale mlangoni kwangu..."

Akakumbuka ilikuwa asubuhi ya tarehe ngapi. Akafunga mdomo kwa kiganja.

Hilo Marlys alikuwa halijui. Alikuwa anajua kwamba alipofika kwa Bettina siku ile kuleta habari, alimkuta mtoto amevaa koti. Alidhani Bettina anabana kuni na nyumba ina baridi.

Aliigeuza penseli upande wa raba, akaivuta karatasi ya chuo, akaanza kuifuta ile B. Alifuta kwa nguvu, vumbi la raba likawa linatapakaa juu ya vitabu. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona Marlys Huddleston akifuta maksi.

"Usifute," alisema Keturah.

"Nakuwekea A."

"Sitaki." Alimshika mama yake mkono, si kwa ukali. Mikono yake ilikuwa vile vile alivyosema nesi. "Peleka na hiyo B, chuo wakitaka wanichukue, wasipotaka wasinichukue. Mimi nataka kitu kimoja tu. Wewe huandiki kisichokuwepo, si ndiyo? Basi na kusema pia utasema kilichokuwepo. Zile siku tisa. Baba aliniulizia?"

Siku ya tatu, Orrin alifumbua macho mchana, akazungusha macho chumba chote, akasema, "Kettie yuko wapi?" Marlys akajibu, "Yuko kwa Bettina, anafanya algebra." Orrin akafikiri. Midomo ilikuwa imepasuka lakini bado alijaribu utani. "Basi na mimi niandikie," alisema, "masaa ya kumsubiri." Siku ya nne aliuliza tena, mara mbili. Siku ya tano aliuliza, kisha akauliza algebra zimebaki ngapi. Siku ya sita hakuweza tena kuuliza, akawa analala kichwa kikiwa upande wa mlango, na Marlys akimgeuza kumpunguzia vidonda, Orrin anakirudisha pale pale. Hayo yote Marlys anayo kwa tarehe na saa. Hayamo kwenye daftari.

Alivua miwani. Alilitazama boksi la kemia juu ya friji kama kwamba kuna mtu huko anayeweza kujibu kwa niaba yake.

"Mama."

"Kuku hawajala," alisema Marlys, akasimama.

"Marlys," alisema Bettina, "kuku tumewalisha. Mimi na wewe. Nilipofika."

Marlys aliichukua ndoo iliyokuwa chini ya sinki, tupu, akapita kati yao, mlango wa wavu ukapiga fremu mara mbili nyuma yake kama ulivyozoea. Mbwa aliinuka ngazini akamfuata, halafu akasita, akarudi kulala. Pale mezani Keturah alikuwa bado amekaa kwenye stuli ya baba yake, kidole kwenye karatasi yenye B iliyofutika nusu, anamwona kupitia dirisha: mama yake amelipita banda la kuku bila kuligeukia, amelipita lori la magogo lililoota nyasi magurudumuni, anaishika njia ya kokoto inayoshuka barabarani, mwendo wa mtu mwenye shughuli, ndoo ikimgonga gotini.