Kwa Nini Navua Helmeti Nikiwa Bado Mlangoni

Leo mlinzi wa duka hapa Masimba ameniambia, "Mzee, vua helmeti kwanza."

Nimeivua kabla hajamaliza kusema. Mpaka akashangaa.

Hajui yaliyonipata miaka ya sabini.

Nilikuwa na pikipiki, Masimba nzima ni mimi peke yangu. Helmeti sikuivua hata dukani. Kioo nimeshusha, jasho linatiririka. Ningeivua, watu wangejuaje mimi ndiye mwenye pikipiki? (Walijua wote.)

Siku hiyo naingia dukani, nakuta mama fulani ameziba njia, amenipa mgongo. Nikamgonga bega. "Mama, sogea huko!"

Akageuka.

Mama mkwe wangu! Ametoka kwake Magwagwa!

Jamani, kwetu Wakisii, mtu na mama mkwe wake hata kusalimiana kwa mkono ni mwiko. Mimi nimemgonga bega, tena nimemfokea.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza. "Toa hiyo sufuria kichwani nikuone!"

Wateja wakadakia: "Atoe! Atoe!"

Nikaishika helmeti kwa mikono miwili, isitoke.

Mwenye duka, mtu mwema sana, akaona anisaidie.

"Mama, mwache tu. Si huyu ni mkwe wako?"

Mama mkwe akavuta leso, akajifunika uso.

Wangu ulikuwa umeshafunikwa.

Haya, nyinyi mnaobishana na walinzi kila siku, hebu niambieni: mngekuwa mimi, mngevua?