Jua la Miezi ya Baridi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa sita, mwanangu, asubuhi ya baridi ile ya kwetu Lubumbashi inayofanya watu wazima wagombanie jiko la makaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kichwa kigumu kuliko sakafu ya sementi. Mama alikuwa amekwenda Mokambo, mpakani, kutafuta unga, akaniachia nyumba yetu ya mtaa wa Annexe pamoja na mdogo wangu Odette, mwenye miaka minne.

Odette alizaliwa na ualbino. Ngozi yake haina ile rangi inayotukinga mimi na wewe, ndiyo maana mama hakuondoka bila kurudia agizo lake: mtoto asitoke juani bila kofia na mikono mirefu. Nikaitikia. Lakini moyoni nilijua, au nilidhani najua, kwamba agizo hilo ni la mwezi wa kumi, joto linapopasua midomo. Jua la mwezi wa sita ni la kuota tu. Na wewe unatujua tulivyo: baridi ikishika, mtaa mzima unatoa viti nje na kuligeuzia jua mgongo.

Odette alikuwa anakohoa na nyumba ilikuwa baridi. Basi nikatandika mkeka nje juani, kando ya ukuta, nikamlaza pale na gauni lake lisilo na mikono, nikaenda nyuma kufua. Upepo ulivuma, mtoto akalala. Mara mbili nilikuja kumgusa shavu, nikalikuta baridi, nikafurahia akili yangu. Ujana hujisifu upesi.

Saa sita ilikuwa imegonga alipoingia mzee Kasongo, jirani yetu, aliyemaliza nusu ya maisha yake akitandika reli. Alikuja kuomba chumvi. Hata salamu hakunipa. Alivua koti lake, akamfunika Odette, akambeba mpaka ndani, kisha akatoka kunitazama. Nikajitetea kwamba jua halikuwa na nguvu, hata jasho sikutoka.

"Baridi haiko kivuli, mwana," akaniambia. "Angalia kivuli yako. Kama iko mufupi kukupita, jua iko inaunguza, hata kama uko unatetemeka."

Nikatazama chini. Kivuli changu kilikuwa kifupi kama cha mtoto wa shule. Mzee akanieleza kwamba kwenye reli walipumzika kwa kufuata kivuli, si kwa kufuata joto, maana wenzake waliovua mashati katika miezi ya baridi, wakidanganywa na upepo, ndio waliorudi na mabega yaliyochubuka na macho mekundu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na jua la baridi ni simba wa namna hiyo.

Jioni mabega ya Odette yalikuwa mekundu, yakatoa malengelenge, akalia mpaka sauti ikakauka. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nimesikia kwamba kidonda cha jua kwa mtu kama yeye kinaweza kukataa kupona, kikageuka ugonjwa wa kuua. Kesho yake alfajiri nikampeleka zahanati, nimemfunika kwa vitenge vyote vya mama. Muuguzi alisafisha vidonda, akasema vitapona, ila akanionya kwamba ngozi ile isiachwe iungue tena na tena, kwa kuwa ubaya huanzia hapo.

Mama aliporudi siku ya tatu, nilitarajia fimbo. Alikaa chini, akayatazama mabega ya mtoto, halafu akanitazama mimi.

"Nilikuambiaka jua," akasema. "Sikukuambiaka joto."

Afadhali angenichapa. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wasichosema ni kwamba siku nyingine guu linalovunjika ni la mwingine.

Odette alipona. Leo ni mwalimu, ana watoto watatu, na kofia zake zinajulikana mpaka parokiani, ambako wanawake humwuliza fundi wake ni nani. Shuleni alimwomba mkuu wake mpaka mazoezi ya viungo yakahamishiwa asubuhi mapema, na watoto wote wakafaidika. Mwezi wa saba uliopita alinionyesha simu yake. Kuna namba inayoeleza nguvu ya ile miale ya jua isiyoonekana, wanaiita indisi ya UV. Saa mbili asubuhi ilikuwa moja. Saa sita, mimi nikiwa ndani ya sweta mbili, ilikuwa nane. Nikacheka, maana mzee Kasongo aliisoma namba hiyo ardhini bila simu.

Basi nisikilize. Joto utalihisi, lakini miale hiyo hutaihisi mpaka iwe imekwisha kukuumiza. Inapanda na jua na kushuka nalo, kwa hiyo kazi za nje zifanye mapema, au alasiri kivuli kinaporefuka. Namba ikifika tatu, jikinge kwa kofia pana na mikono mirefu, na mwenye ngozi kama ya Odette aongeze mafuta ya kukinga jua. Mwezi wa kumi, kivuli kinapojificha chini ya viatu, namba hupita kumi, na hapo hata ngozi nyeusi na macho huumia. Mvua zikianza usiyaamini mawingu, maana mengi yanaipitisha miale hiyo. Jua lenyewe usilichukie, ndilo linalotukuzia mahindi na kutukaushia nguo. Zijue tu saa zake na majira yake. Na ukiachiwa mtoto wa kulinda, shika agizo lote, hata lile unaloliona halina kazi siku hiyo.

Mungu akulinde shambani na barabarani. Akupe jirani wa kukukemea kabla hujachelewa, na akuzeeshe ndani ya ngozi nzima, kama anavyomzeesha mdogo wangu.