Mama Niliyepewa kwa Makofi

Niliwahi kupewa mama ambaye si mama yangu.

Watu kumi na wanne walisimama wakanipigia makofi. Tulikunywa Fanta. Mimi nililia, wao wakasema ni machozi ya furaha.

Haikuwa furaha. Nilikuwa natafuta mahali pa kujificha.

Niliishia darasa la nne, sijui kupamba maneno. Nitaeleza kama ilivyokuwa.

Ilikuwa Kamembe, mji wa Rwanda mpakani na Congo, wakati bado tunasema Cyangugu. Vita vya ng'ambo, Congo, vilikuwa havijaisha. Siku nyingine tulisikia mizinga upande wa pili tukiwa tunachambua maharage, na hakuna aliyeinua kichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefika kwa kamyoni, peke yangu, na mkeka wangu. Maman Joséphine, mama mmoja wa Bukavu aliyeuza dagaa wa sambaza huku na huku, alinichukua nimsaidie kuanika samaki.

Yeye ndiye alikuwa rais wa klabu yetu. Tuliiita Mkono kwa Mkono. Nusu ni Warwanda waliokulia Congo kama mimi, nusu ni wafanyabiashara wa Bukavu.

Jumanne tulipanda kilima cha Mururu kuwalimia wajane.

Alhamisi tulipeleka chakula hospitali. Huku kwetu hospitali inatoa dawa, sahani inaletwa na ndugu zako. Asiye na ndugu anaangalia wenzake wakila. Hao ndio tuliowapikia.

Jumamosi tulishuka darajani kwenye mto Rusizi, mpaka unaoitwa Rusizi ya pili. Makamyoni yaliyorudisha watu kutoka misitu ya Congo yalisimama pale kidogo. Sisi tuligawa uji, na katibu wetu Papa Ladislas, katekista wa zamani mwenye sauti ya kengele, alisoma majina.

"Mukansanga wa Gitambi anamtafuta binti yake, Izabayo!"

Hivyo hivyo, majina hamsini, sitini. Mtu akisikia lake anapaza sauti.

Mwaka ule mzima waliopaza sauti walikuwa watatu.

Na mtu akipatikana, Papa Ladislas alichukua kalamu nyekundu na rula akalikata jina. Likishakatwa halisomwi tena. Makamyoni hayakungoja, na karatasi ilikuwa na watu wengi.

Mukansanga mwenyewe alikuwa kitanda cha dirishani, hospitali. Mapafu yalikuwa yanamwishia, macho yalikuwa na ukungu. Alikuwa hali kitu. Unaweka sahani, unarudi, unaikuta vilevile na inzi juu.

Alhamisi moja nilikuwa zamu ya upande wake. Niliinama kuweka sahani. Akanikamata pindo la kitenge.

"Izabayo?"

Sasa nieleweni vizuri hapa. Kwetu mkubwa akikuita hunyamazi. Hata akikosea jina, unaitika kwanza, mengine yatafuata. Bibi yangu alinifunza hivyo kwa fimbo.

"Karame," nikasema. Ndivyo mtoto anavyomwitika mzazi.

Nilitaka kuendelea: lakini mama, mimi ni Mutoni.

Ile "lakini" haikutoka.

Yule mama alikuwa ameanza kucheka na kulia pamoja. Muuguzi alikimbilia mlangoni akaita wenzake. Maman Joséphine akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Yesu wangu! Uyu njo mutoto yake?"

Akanigeukia. "Mutoni, unakuwa na mama na unanyamaza tu? Weye siku moja batakuoza na hautasema kitu!"

Wagonjwa wakacheka. Mimi nikaangalia sakafu.

Mama yangu alikufa akinizaa, kule Kalehe, Congo. Kaburi lake nalijua. Kila mwaka bibi alinipeleka kulipalilia. Lakini pale klabuni hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi si mtu wa kusema nisichoulizwa.

"Na ile jina ya Izabayo?" Akilimali aliuliza. Yeye aliuza vitambaa, na hakuacha kitu kipite bila kukichokoza.

"Watoto wa vita wana majina matatu matatu," Papa Ladislas alimjibu. "Mungu anajua lipi ni lipi."

Basi ikaisha hivyo.

Jumamosi, kabla ya kushuka darajani, wakanifanyia sherehe katika chumba cha kanisa. Papa Ladislas alitandaza karatasi mezani. Aliweka rula. Akaijaribu kalamu kwenye kiganja.

"Tangu Pasaka kalamu hii haijafanya kazi," akasema. "Nilidhani wino umekauka."

Akavuta mstari. Mukansanga wa Gitambi akawa chini ya wekundu.

Makofi.

Maman Joséphine alikuwa analia. Yeye pia jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile, anamtafuta mdogo wake Elikia. Alinifungulia Fanta kwa meno.

"Tunapata furaha moja, na weye unalia! Kunywa, chérie. Ukikunywa weye, nasi tunaamini yetu itafika."

Niambieni, ningesemaje?

Nilikunywa.

Alhamisi iliyofuata nilijipangia. Njiani nilirudia maneno kama mtoto anayejifunza katekisimu. Mama, nisamehe, mimi si Izabayo.

Nilipofika muuguzi alinisubiri mlangoni.

"Tangu uje anakula," akasema. "Jana amemaliza uji wote. Leo ameuliza mara nne kama ni Alhamisi."

Nikaingia. Mukansanga alikuwa ameketi. Alipapasa uso wangu, akasema nimekonda. Akachukua maharage kwenye sahani yake akanilisha kwa mkono.

"Kula wewe kwanza. Ulikaa msituni."

Sikuwahi kukaa msituni. Nilikula.

Jioni tulipokuwa tunaosha masufuria nilijaribu kwa Maman Joséphine.

"Maman, ule mama..."

"Eh, mama yako! Anakula?"

"Anakula. Lakini, Maman..."

"Anakula! Mumusikie, anakula!" akawapigia kelele wengine, na wao wakaitika haleluya, na mimi nikaendelea kusugua sufuria iliyokuwa imeshatakata.

Jumamosi ya pili baada ya ile sherehe, makamyoni matatu yalivuka daraja.

Mimi niligawa vikombe. Mwanamke mmoja alishuka, amevaa koti la mwanaume, mkono wa kulia una kovu la moto kuanzia vidoleni hadi kiwiko. Alipokea kikombe lakini hakunywa. Alisimama mbele kabisa, karibu na Papa Ladislas, akiangalia mdomo wake jina baada ya jina.

Karatasi ikaisha.

Akanigeukia. "Dada, ni majina yote?"

"Ni yote," nikasema.

Mwingine angemuuliza: na weye unamtafuta nani? Maman Joséphine angeuliza. Akilimali angeuliza mpaka ukoo wa babu.

Mimi nilinyoosha mkono nipokee kikombe. Alinirudishia kikiwa kimejaa. Akapanda kamyoni.

Wiki zikaenda. Mukansanga alipata nguvu kidogo, kisha zikaanza kumtoka tena. Daktari alisema mapafu hayatarudi, tumlishe tu na tumfunike vizuri.

Siku moja alinivuta karibu. Alisema kwa Kinyarwanda, polepole, akipumzika kila neno la tatu.

"Izabayo, kuna kitu sijakuambia."

"Karame."

"Siku ile walipoanza kupiga risasi, tukakimbia kwenye ule mto. Nilikuwa nimekushika. Sufuria ikaanza kuniponyoka, nikawaza tutapikia nini. Nikaachia mkono wako nishike sufuria."

Alivuta hewa mara mbili.

"Nilipogeuka hukuwepo. Sufuria ninayo, mtoto sina. Miaka yote hii, mwanangu. Sufuria."

Sikujua niweke wapi macho.

"Utanisamehe?"

Wodi ilikuwa na watu ishirini, na nilihisi wote wanasikiliza. Huyu mama aliomba kitu ambacho hakikuwa changu kutoa. Lakini kukataa nako hakukuwa kwangu.

"Nimekusamehe, mama," nikasema.

Ndilo neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia.

Alilala mchana ule bila kukohoa. Jumanne iliyofuata, tukiwa Mururu na majembe, wakatuletea habari kwamba amekwenda.

Tulimzika sisi, klabu. Wakanitanguliza mbele kama mtoto wa marehemu. Nikatupa udongo wa kwanza. Papa Ladislas akasema mahubiri juu ya mtoto aliyepotea akaonekana, na mama aliyeondoka na amani. Wanawake walinishika mabega pande mbili ili nisianguke.

Nilikuwa nimesimama vizuri tu. Ulimi ndio ulikuwa umeanguka.

Sasa sikilizeni.

Siku tisa baada ya kifo chake ilikuwa Alhamisi. Niko wodini na sufuria ya maharage, kitanda cha dirishani kina mgonjwa mwingine. Nikasikia mtu anamuuliza muuguzi nyuma yangu.

"Naulizia Mama Mukansanga, wa Gitambi. Wameniambia yuko hapa."

"Pole, dada," muuguzi akasema. "Alifariki. Lakini hakufa peke yake, mtoto wake alikuwa naye."

"Mtoto wake gani?"

"Huyu hapa."

Nikageuka.

Koti la mwanaume. Mkono wenye kovu.

Aliniangalia, na mimi nikamwangalia, na nikajua kwamba na yeye ananikumbuka. Mwenye vikombe.

"Mama yangu alizaa mara moja," akasema. "Alinizaa mimi. Weye ni nani?"

Maman Joséphine alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Akasimama.

Siku ile nilisema. Nilisema yote, nimesimama katikati ya wodi na sufuria mikononi, sauti inatoka kama ya mtu mwingine. Nilivyoitwa, nilivyoitika, nilivyoshindwa. Makofi. Kalamu nyekundu.

Maman Joséphine aliketi chini kando ya ndoo yake. "Mutoni," akasema tu. "Mutoni, Mutoni."

Izabayo hakupiga kelele. Heri angenipiga.

"Pale darajani nilisikiliza mpaka mwisho," akasema. "Nikiwa msituni watu walisema, ukifika Rusizi watasoma, kama mama yako ni mzima utasikia jina. Sikusikia. Nikajua amekufa. Nikaenda kwa shangazi, Butare. Juzi ndiyo nimekutana na jirani wa Gitambi sokoni, akaniambia mama yuko hospitali ya huku."

Nikahesabu kichwani. Siku ile ya uji mama yake alikuwa bado na wiki tano za kuishi. Kutoka darajani mpaka kile kitanda unafika kwa miguu asubuhi hiyohiyo.

"Alikuwa anasema nini?" akaniuliza. "Hayo maneno ni yangu. Nipe."

Nikampa. Maharage aliyonilisha. Kwamba nimekonda. Kwamba aliuliza kila siku kama ni Alhamisi. Alikuwa anatingisha kichwa kila nilipomaliza neno, kama mtu anayepokea mzigo mmoja mmoja.

Nikafika kwenye mto.

"Alisema aliachia mkono wako ashike sufuria. Akaomba msamaha."

Uso wake ukabadilika.

"Alisema ni yeye aliyeachia?"

"Ndiyo."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimemsamehe."

Alikaa chini pale pale, sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda.

"Hakuachia," akasema. "Ni mimi. Nilimwona anahangaika na ile sufuria, hawezi kukimbia. Nikasema akinishika mimi na sufuria tutakufa wote wawili. Nikauvuta mkono wangu. Nikamwacha mama yangu nikakimbia."

Akafunika kichwa na koti.

"Miaka yote nilikuwa narudi nimwambie hiyo. Hiyo tu."

Mgonjwa wa kitanda cha nne akakohoa, akasema kwa aibu, "Dada, chakula kinapoa," na ilikuwa kweli, kwa hiyo nikaanza kugawa, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini kingine.

Nilipomaliza vitanda vyote Izabayo alikuwa ameondoka. Tulimtafuta barabarani, sokoni, kituo cha magari. Maman Joséphine alimwonyesha kila mtu urefu wa lile koti. Hatukumpata.

Klabu haikunifukuza. Papa Ladislas alizeeka kidogo, ndivyo nilivyoona. Aliniambia kosa si langu peke yangu, sote tulitamani sana ile Fanta. Alisema ili kunisaidia, na haikunisaidia.

Fundisho langu ni hili, ndugu zangu mnaosoma. Watu wakikufurahia kwa jambo unalolijua kuwa si kweli, sema siku ileile, hata kama utawaharibia sherehe. Wewe unayenyamaza unadhani umejizuia tu usiseme. Kumbe umeshajibu, na umejibu kwa niaba ya mtu aliye mbali, ambaye hajui hata kama ameulizwa.

Sasa jina likitaka kukatwa nasimama, nauliza maswali yote, ya baba, ya kilima, ya kovu. Akilimali ananitania kwamba nimekuwa polisi wa mpaka. Kila mara natamani kukaa, lakini nauliza.

Tumeshazuia makosa mawili.

Izabayo hilo halimhusu. Kama uko naye huko uliko, ana kovu mkono wa kulia, usimwambie chochote kutoka kwangu. Mkaribishe tu, na umuulize anamtafuta nani.