Kilo Tisa za Luhaga

Luhaga Masunga Mabula wa Kasoli. Mwana wa Masunga, aliyebeba gunia la pamba kichwani hadi Bariadi bila kulitua ili tu amkomeshe shemeji yake. Mjukuu wa Mabula, aliyemkimbiza fisi kwa mpini wa jembe hadi alfajiri, kukapambazuka kumbe ni mbwa wa jirani. Hao ndio waliomzaa. Yeye mwenyewe sifa yake ilikuwa kidole gumba.

Mnadani kuna watu wanaomlambisha ng'ombe chumvi ili abugie maji, apande mizani amejaa kama ngoma. Luhaga alikuwa akipita, anabonyeza tumbo, anatega sikio, kisha anatangaza, "Huyu ni ng'ombe wa maji. Mrudisheni mtoni!" Hakukosea hata mara moja. Mwaka juzi alimuumbua hivyo Mwandu wa Migato, na tangu siku hiyo Mwandu hakumpa salamu.

Kasoro yake ilikuwa moja tu: wembamba. Mkewe Milembe ana mwili wa heshima, na wakiongozana watu husema jembe linapita na mpini wake. Kila msimu wa pamba Luhaga alikuwa akijining'iniza kwenye mizani ya ghala la ushirika, na kwa miaka thelathini mizani ilimjibu neno lilelile: hamsini na mbili.

Mwaka huu ikasema hamsini na nane. Baada ya wiki mbili, sitini na moja! Asubuhi uso ulijaa hadi macho yakawa finyu, na viatu vikamkataa.

"Mayu Milembe, unanilisha nini siku hizi?"

"Ugali uleule unaousema kila siku."

Kanisani akapewa kiti cha mbele. Mama Esteria, jirani yao, akapiga vigelegele, "Baba umenawiri!" Hata mkojo wake ulitoa povu kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, naye akaona ni dalili ya neema. Alimwita Milembe aje aone. Milembe alikataa kwenda.

Basi siku moja ananing'inia kwenye mizani, miguu hewani, anapunga mkono kama mgeni rasmi, Mwandu akaingia na pamba yake. Hakusalimu. Alimtazama miguuni, akainama, akambonyeza kwenye muundi kwa kidole gumba.

Pakabaki shimo.

Ghala zima likasogea kulitazama. Wakahesabu mpaka kumi, shimo lipo. Wakahesabu ishirini, lipo.

"Huyu ni ng'ombe wa maji," Mwandu akasema taratibu. "Mrudisheni mtoni."

Watu walicheka hadi wengine wakalala juu ya pamba. Milembe, aliyekuja naye ghalani, peke yake hakucheka. Alibonyeza mguu wa pili, akaona shimo la pili, akamshusha mumewe mzimamzima na kumpandisha bodaboda hadi hospitali.

Daktari Joyness alipima mkojo, damu na presha. "Babu, figo zako zimevimba."

"Nani kaniambukiza?"

"Si lazima uambukizwe. Kuna wanaopandiwa na wadudu kutoka njia ya mkojo, wakapata homa na maumivu ya ubavuni. Hao tunawapa dawa za kuua wadudu. Kuna watoto wanaougua koo au vidonda vya ngozi, halafu baadaye vichujio vya figo vinavimba, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Wengine kinga ya mwili inawageuka. Na wengine ni dawa. Wewe unameza nini?"

Luhaga akatazama dari. Milembe akatia mkono kwenye koti la mumewe, akatoa vidonge vya maumivu, karatasi baada ya karatasi. Alikuwa akivitafuna kwa ajili ya magoti, miezi minne, kama karanga.

"Viache leo hii," daktari akasema. "Chumvi punguza sana. Nitakupa dawa ya kutoa maji na ya kutuliza uvimbe, na utarudi tukupime. Ukikaidi, figo zitakufa, na hapo ni kuchujwa damu kwa mashine au kaburi."

"Na kilo zangu?"

"Ni maji, babu. Zitaondoka."

"Zote tisa?" Luhaga akashusha sauti. "Mwanangu, niachie hata mbili. Za kanisani."

Hakuachiwa. Milembe alifungia chumvi kwenye sanduku la vitenge, na kilo zikaondoka moja moja chooni. Kabla msimu haujaisha mizani ikasema hamsini na mbili, povu likakoma, daktari akafurahi. Kiti cha mbele akapewa mtu mwingine.

Luhaga akatembea hadi Migato, akatoa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, Mwandu."

Mwandu akaitikia. "Mwangaluka. Umekuja kuniumbua kwangu kabisa?"

"Nimekuja kukupa kazi. Wanaonipenda wote waliniambia nimenawiri. Wewe unayenichukia ndiye uliyenibonyeza. Daktari anasema uvimbe unaweza kurudi, nami najijua, nitaufurahia. Kila siku ya mnada unibonyeze. Shimo likibaki, nipeleke hospitali, hata kwa kamba."

"Na ng'ombe wangu utaendelea kuwabonyeza?"

"Wote."

Mwandu akautazama mguu ule mwembamba kama wa korongo. Akapiga goti, akaanza kazi palepale, na alibonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.