Kifyatulio Alichokiacha Melkizedeki

Mwaka wa 1952, pale Same stesheni, fundi wa kutajwa alikuwa mmoja tu, Melkizedeki, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Alitengeneza baiskeli, kufuli, cherehani na taa za karabai. Kwa hiyo meneja wa shamba la katani alipomletea bunduki yake ya upepo, akilalamika kwamba kifyatulio ni kigumu, Melkizedeki hakusema kwamba hajui. Aliibeba hadi kwake mlimani, akapita nayo mbele ya majirani polepole, makusudi.

Haki yake apewe, kazi aliijua. Bunduki ya namna hiyo unaukunja mtutu, springi inabanwa ndani, unatia kirisasi kwa vidole, kisha unaurudisha mtutu. Kifyatulio kikiwa chepesi kupita kiasi, springi huweza kuponyoka mtutu ungali wazi, na mtutu hurudi kwa nguvu ya kukata vidole. Melkizedeki alilegeza skrubu ya kifyatulio mpaka mwisho, apate kujua kinalegea hadi wapi. Baada ya hapo angeirudisha mizunguko miwili, abane springi bila kutia kirisasi, afunge mtutu, auelekeze kwenye gunia la mchanga na kugonga kitako chini mara kumi. Isipofyatuka, ni salama.

Skrubu ilikuwa ingali imelegea baragumu lilipolia. Ulikuwa msaragambo, kazi ya kijiji, zamu ya wanaume kuzibua tope la ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Mwaka uliotangulia alichelewa, akatozwa mbuzi, na wanawake wakamtungia wimbo. Safari hii alitupa bisibisi, akaegemeza bunduki nyuma ya mlango, akatoka mbio bila kusema neno.

Na neno lilihitajika! Siku mbili nyuma, mkewe Hedwiga, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilinunuliwa mpaka Lembeni, alikuwa amefundishwa kuipiga bunduki ile, awafukuze tumbili kwenye mahindi. Alifundishwa na nani? Na Melkizedeki huyo huyo, kwa majivuno yake.

"Ni salama, mke wangu," alimwambia. "Haina neno kabisa."

Hata hajachota tope la jembe la tatu, akakumbuka. Nyumbani palikuwa mwendo wa robo saa. Alimtazama mzee Sefania, msimamizi wa kazi, akafungua kinywa, kisha aibu ikamshika. Aseme nini? Kwamba fundi mzima ameacha kazi wazi nyuma ya mlango? Wangemcheka mpaka Krismasi. Akajiambia kwamba tumbili hawaji asubuhi. Akajiambia kwamba Hedwiga ana udongo wa kukanda. Akainama, akaendelea kuchota tope kwa muda wa saa mbili nzima, moyo ukimwenda mbio, na miguu yake, ole wake, haikuondoka.

Aliyekuja kumwita ni jirani yao Priska, akihema.

"Shemeji, kimbia! Bunduki imemkata Hedwiga vidole!"

Vilikuwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kwenye zahanati ya misheni walimfunga, wakamwambia ashukuru Mungu kidole gumba kimebaki. Alipopata nafuu kidogo alijaribu kufinyanga kwa mkono wa kushoto. Chungu kilipinda mdomo, kikalala. Alikiponda, akafunika udongo kwa majani ya mgomba, na hakuufunua tena.

Bunduki ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na mizunguko yake miwili ya skrubu, imegongwa kitako mara kumi. Meneja aliisifu mno. Melkizedeki alisimama pale akisifiwa, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikonda. Wateja wakaanza kulalamika kwamba baiskeli zao hazishikwi. Hedwiga aliyaona yote hayo. Siku moja wakiwa wameketi uani alimsogelea.

"Baba Ruthi, usijiue kwa mawazo. Nimewaambia watu wote kwamba ulisahau. Nani asiyesahau?"

Melkizedeki aliutazama uso wa mkewe, ukweli ukampanda hadi kwenye ulimi, ukaishia hapo.

"Ndiyo," akasema. "Nilisahau."

Hedwiga akatikisa kichwa kwa huruma, akawa anampapasa mgongo kwa mkono ule ule wenye bandeji.