Nguzo za Baba Mdogo Kasiani

Juzi hapa Kawajense nilimwona jirani akipaka nguzo oili chafu, harufu ile ikanirudisha kwetu. Chumba cha uani alitujengea baba mdogo Kasiani. Nguzo alizipaka sehemu ya kuonekana tu, ya kufukiwa aliiacha kavu, akasema, "Nani atachimba aangalie?"

Mchana ule mama alikuwa amelala humo na homa. Nikasikia ukutani kitu kinakwaruza taratibu, nikafurahi.

"Mama, manyunyu yameanza."

"Kaanue nguo basi, mwanangu."

Nje jua lilikuwa kali. Nimeshika gauni lake kwenye kamba, chumba kikashuka nyuma yangu, udongo na nyasi pamoja. Nikachimba kwa mikono huku nikimwita, naye akaitika. Nikamkimbilia Kasiani, alikuwa kwa jirani anakunywa pombe.

"Acha uongo wewe," akacheka. "Nyumba yangu ile itatuzika wote."

Niliporudi, mama hakuitika tena.

Leo najua waliokuwa wakikwaruza ni mchwa, na aliyewakaribisha ni Kasiani, kwa nguzo alizozifukia bila oili. Lakini kuacha kuchimba wakati mama bado anaitika, hilo nililifanya mwenyewe.