Isale Juu ya Insha

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na kalamu yangu nyekundu haijui undugu. Miaka yote nimewaambia wanafunzi jambo moja: ukianza kusimulia kwa wakati uliopita, usituhamishe ghafla kwenye wakati uliopo, kisha ukaturudisha ulikotutoa. Msomaji si mbuzi wa kuvutwa kamba huku na huku.

Jumamosi ile nilipanda nyumbani kutoka mtaani kwangu Soweto, kule mjini. Kwetu ni mlimani, juu ya Kwa Sadala, na nilikwenda kumsaidia binti wa marehemu kaka yangu. Alikuwa anaomba ufadhili wa chuo, na waombaji walitakiwa kuandika insha ya Kiingereza kuhusu mtu aliyewalea. Mwisho wa kuituma ulikuwa jioni ileile. Binti hakuwa na njia nyingine ya kusoma. Kahawa ya kihamba chetu, shamba tuliloachiwa na babu, siku hizi haimfikishi mtu chuoni.

Alikuwa ameandika juu ya baba yake. Niliisoma mezani, mama yangu akiwa pembeni anamenya ndizi za mtori. Insha ilikuwa nzuri, na ilikuwa vurugu tupu. Baba alinunua ng'ombe. Baba anaamka alfajiri kumkatia majani. Baba aliugua, baba anacheka, baba alilazwa, baba ananifundisha kufungulia maji ya mfereji zamu yetu ikifika. Nikapitisha kalamu kila mahali, karatasi ikawa nyekundu kama kahawa iliyoiva.

"Shangazi, yaani zote umebadilisha?"

"Zote. Baba yako alifariki. Aliyefariki haamki alfajiri."

Alinitazama kama nimempiga. "Basi siitumi," akasema. "Andika ya kwako." Akatoka, mlango ukabamizwa.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idd!" nikapaza sauti ili anisikie huko nje, nasi ni Walutheri tangu babu. Kwa kawaida mama angecheka. Siku hiyo aliweka kisu chini, akanawa mikono, akatoka pia. Nikadhani amemfuata mjukuu wake. Nilibaki na hasira yangu na zile ndizi.

Aliporudi alikuwa ameshika jani la isale, bado bichi, lina maji ya mvua. Nilijua lilikotoka. Isale tumeipanda pembeni mwa kaburi la kaka, kule migombani, mahali ambapo mimi nilikuwa sipiti tangu tumzike. Nikija nyumbani nilikuwa nazunguka nyuma ya zizi.

Mama akaninyooshea lile jani kwa mikono miwili.

Kwetu Uchaggani isale ndiyo radhi yenyewe. Mtu akikuletea, hata kama kosa lake ni zito namna gani, unapokea na unasamehe. Kuikataa ni kujitafutia balaa. Lakini nilikuwa sijawahi kuona mama mzazi akimpelekea isale mwanawe wa kumzaa. Niliinuka haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mama, wewe hujanikosea kitu."

"Si langu. Nimelichuma kwake. Humkasirikii huyu mtoto, unamkasirikia kaka yako. Alikwenda bila kukuaga. Msamehe, mwanangu."

Ilikuwa kweli. Nilimpenda kaka yangu, na nilikuwa nimemkasirikia kwa kufa kama vile alifanya makusudi. Nikalipokea jani, nikalia mbele ya mama yangu, mwalimu mzima.

Kisha nikamwita binti. Aliliona jani la isale mezani, akavuta kiti. Tukaanza tena, mstari kwa mstari. Kanuni sikuilegeza, maana wasomaji wa ile insha wasingemhurumia kwa sababu ya msiba wetu. Ugonjwa, hospitali, safari za kukata majani, vyote vilikaa pamoja katika wakati uliopita. "Anaamka" aliifuta mwenyewe, polepole. Lakini safari hii nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza: katika aliyoyafanya baba yako, kipi bado kipo?

Akafikiri. Kahawa aliyoipanda inazaa. Ng'ombe yupo. Maji ya mfereji yanafika, na yeye binti ndiye anayeyafungulia, kwa jembe lilelile, jinsi alivyofundishwa. Hayo tukayapa aya ya mwisho, yote katika wakati uliopo, na humo hatukumrudisha msomaji nyuma hata mara moja. Nilipoisoma sikuwa na pa kuweka nyekundu. Akaituma kwa simu akiwa amesimama getini, ambako mtandao unashika, jua likiwa bado halijazama.

Mama alirudi kwenye mtori wake. Mimi nikachukua karatasi, na safari hii nikapita njia ya migombani. Nikasimama pale kaburini, nikamsomea kaka insha ya mwanawe tangu mwanzo, kwa Kiingereza changu cha darasani. Nilipofika katikati nikakumbuka kwamba kaka yangu hajui Kiingereza. Nikaanza upya, kwa Kichagga.